Keki ya mwisho wa mwezi

Mwisho wa mwezi mshahara ukishatoka mi huwa nakula keki. Sio ya sherehe, kipande kimoja tu cha keki ya karoti na kahawa ya maziwa, kwenye mgahawa mmoja hapa Moshi mjini sio mbali na kipilefti ya mnara wa saa, meza ya barazani ile ya pembeni inayoangalia barabara. Vyote vinakuja elfu 11 na mia tano, hela ambayo mama akiisikia kule Singida atauliza kama nimerogwa, maana kwa hela hiyo hapa hapa Moshi mtu anakula ndizi nyama mara mbili na nauli inabaki. Na keki yenyewe wala sio ya kusifia, kuna siku inakua kavu mpaka unaitafutia maji, ila mi ninachonunua pale ni kiti. Nakaa saa moja na nusu naangalia watu wanavyopita na hakuna wa kuniuliza nimefata nini.

Nilianza 2016. Nilikua na mwaka mmoja tu mjini, nimeajiriwa kaunta kwenye duka la hadiwea, simjui mtu, nikitoka kazini ni chumbani na kuangalia dari, basi Jumamosi moja nikasema leo na mimi nikakae wanapokaa wazungu. Aisee niliteseka. Nimekaa tu yule dada wa mgahawa akaja na menyu mbili, moja akaweka mbele yangu na nyingine upande wa pili wa meza, akauliza kwa upole kabisa "mgeni wako anakuja saa ngapi dada?" Nikamwambia sina mgeni, niko peke yangu. Akasema haya, ila ile menyu ya pili hakuiondoa. Si unajua mji wenyewe, dada mweusi akikaa peke yake sehemu ya wazungu watu wana majibu mawili tu, ama anamsubiri mzungu wake ama anamtafuta. Nikajificha kwenye simu, nikawa nachati na watu ambao sikua hata na cha kuwaambia, nikaagiza aiskrimu kwa sababu ndo niliyoiona ya bei nafuu, na hapo nikawa nimeharibu zaidi, Moshi mwezi wa pili jua linavyowaka aiskrimu inakupa dakika saba, ukizubaa unakunywa. Nikaimaliza, nikabaki na bakuli tupu na kijiko, nikaona kila mtu ananiangalia mimi, nikalipa nikaondoka.

Ilinichukua miezi kama minne kujua kukaa. Agiza cha moto na cha kuuma kidogo kidogo, hapo hakuna mtu atakufukuza. Simu weka kwenye mkoba, ukiishika unadhani umejificha kumbe ndo unaonekana vizuri zaidi, na wewe huoni kitu. Na mhudumu mzoeshe, mwezi wa tatu yule dada akaacha kuleta menyu mbili, mwezi wa tano hata hiyo moja hakuleta, akiniona nakunja kona anaenda kukata keki.

Kwa kuangalia watu mi Moshi naipa maksi kuliko Arusha. Arusha mtalii anakaa ndani ya lendikruza, anashuka kajaa vumbi la Serengeti, anaingia hotelini, umemwona nusu dakika basi. Huku kwetu wamekuja kupanda mlima Kilimanjaro, wanatembea, na mlima umeshaanza kuwatisha hata hawajaugusa. Wale ambao hawajapanda unawajua kwa viatu. Buti bado zinang'aa, suruali ile yenye zipu magotini ukitaka inakua kaptula, na anatembea shingo kaigeuzia kaskazini anautafuta mlima. Mchana haupo. Asubuhi na mapema unafunguka, jioni jua likielekea kuzama unafunguka tena, hapo katikati mawingu yameumeza, na nimeshaona watu wazima wamesimama katikati ya barabara simu juu wanapiga picha wingu jeupe wanadhani ndo theluji, bodaboda anapiga honi wala hawasikii.

Waliorudi wao hata ukiwa mbali unawaona. Pua imebabuka, midomo imepasuka, na kuzunguka macho pamebaki peupe umbo la miwani kama vile wameivua sasa hivi. Halafu ngazi. Pale barazani kuna ngazi nne tu, mtu aliyetoka mlimani anazishuka kinyumenyume kashika ukuta kama bibi yangu, kwa sababu kupanda wanapanda siku 5 au 6 polepole, ila kushuka wanatoka kilele cha Uhuru mita 5,895 mpaka geti la Mweka kwa siku moja na nusu hivi, magoti yanakua yameisha kabisa. Na wanakula! Mtu mmoja chipsi, piza, kuku, na bado anaangalia sahani ya mwenzie.

Basi mimi na yule dada wa mgahawa tukawa na mchezo wetu, kikundi kikija kimetoka mlimani tunabashiri nani kafika kileleni na nani kageuzwa njiani. Nilikua najiamini kweli. Nilikua na kanuni, aliyefika anaongea sana na anaonyesha watu picha, aliyegeuzwa ananyamaza na anaangalia meza. Siku hiyo walikuja watano. Kuna binti mmoja kama miaka 25 kakaa mwisho kabisa, macho mekundu, keki iko mbele haigusi, machozi yanamtoka taratibu anayafuta na kiganja hata tishu hachukui. Pembeni yake jamaa mrefu anacheka, anasimulia kwa mikono miwili, yuko kwenye bia ya pili. Nikamnong'oneza dada, huyu binti kageuzwa masikini, huyu mrefu kafika. Dada akasema hata mimi.

Gaidi wao alikua kasimama nje anasubiri gari. (Hapa kwetu gaidi ni yule anayewaongoza wageni mlimani, usishtuke, utani wenyewe umezeeka mpaka hakuna anayecheka.) Nikamwita, braza samahani, wale wageni wako wote wamepiga samiti? Akasema wote isipokua yule mrefu. Yule mrefu kichwa kilimpiga kabla hata ya kufika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, akatapika, akageuzwa na gaidi msaidizi kwenye saa tisa usiku. Na binti? Binti kafika Uhuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wa kwanza kwenye kundi lake. Nikabaki mdomo wazi. Yule kaka akacheka akaniambia, "sista, wale wanaondoka kambini Barafu saa sita usiku. Aliyegeuka karudi kwenye hema kalala mpaka saa nne asubuhi, sasa kwanini asicheke? Huyu dada usiku ule hakulala kabisa." Na kulia je? Akasema kule juu wanalia wengi tu, wanaume na vitambi vyao, yeye ana miaka tisa kwenye hiyo kazi hajawahi kumuuliza mtu analilia nini.

Sasa ingeishia hapo ningesema ni kichekesho cha mgahawani. Ila wiki hiyo hiyo dukani alikuja mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi, mtani sana, siku hiyo kachukua simenti mifuko mitatu na vigae boksi mbili huku ananitania ananiita mkwe, nikamwambia mzee hongera naona nyumba inamalizikia. Akasema hapana mwanangu, ni kaburi la mama yenu, arobaini inafika wiki ijayo. Na bado alikua anatabasamu. Nilimwandikia risiti mkono unatetemeka, na toka siku hiyo swali la "imefika wapi" nimeliacha kabisa, mtu akinunua simenti namuuliza anataka gari la kubeba au hataki.

Mdogo wangu wa kiume alinifata Moshi 2018 akaingia kwenye upagazi. Wenyewe wanajiita wagumu, na ni wagumu kweli. Mzigo hautakiwi kuzidi kilo 20, unapimwa pale getini kwenye mizani, na wakati mgeni anaenda polepole yeye anatakiwa amtangulie akute hema limesimama na maji yamechemka. Basi mwezi mmoja niko kwenye kiti changu na keki yangu nikaona hiace inapaki, wanashuka wageni sita, nyuma yao magaidi wawili na wapagazi watatu wanne, kumbe wageni wamewaalika vijana chakula cha kuagana. Mmoja wao ni huyu mdogo wangu! Nikanyanyua mkono. Akaniangalia usoni kabisa, akageuza macho, akapita pembeni ya meza yangu akakae kule kwao kama hajawahi kuniona toka azaliwe.

Nilikasirika jamani. Nikakaa namwangalia. Wenzie wanaulizwa wanakula nini, na yeye akaulizwa, akafunga menyu akasema soda tu, asante. Wakamsihi, akashika tumbo kuonyesha kashiba. Kashiba wapi, mtu katoka kushuka mlima! Mgeni mmoja mama wa makamo akamsogezea nusu ya chipsi zake, akala kwa adabu moja moja.

Jioni nikamfata kwake nikiwa nimepandisha. Nikamkuta mbele ya sahani ya wali maharage imejaa mpaka inamwagika. Nikamuuliza, mimi ni wa kunipita kama nguzo ya umeme? Akaniambia dada kaa chini. Tipu zilikua hazijatoka, walikua wanagawa pale pale baada ya kula. "Sasa ningekusalimia, wakuone na keki yako na kahawa yako, dada yake pota anakula sawa na wao, unadhani wangetoa bei gani?" Na ile soda? Akasema wewe hujui, mgumu akionekana anakula sana mbele za wageni hana shida, na akikataa kila kitu ana maringo, soda ndo saizi yake. Nikajikuta nacheka na hasira zangu. Sikujua hata kama ana hesabu hizo. Mi nilikaa pale muda wote najua naangalia watu wanakula, kumbe mmoja wao alikua kazini.

Desemba mgahawa unabadilika, wazungu unawatafuta. Wachaga wa Dar wanarudi nyumbani, Double Road haipitiki, magari yamepangana na kila mtoto ana aiskrimu mkononi anamuuliza baba yake mlima uko wapi. Nawapenda hawa kuliko watalii wote. Kuna mwaka niliona mama mmoja kapaki gari kali mbele ya baraza, kavaa jinzi ya kubana na viatu virefu, kala keki yake vizuri, kabla hawajapandisha kwenda kihambani kwa mume akasimama nyuma ya mlango wa gari akafunga kitenge juu ya jinzi, akavua viatu akavaa ndala, akafuta lipstiki na tishu, akatoa hereni zile kubwa akaweka vidogo. Dakika tatu. Alipomaliza nilimtamkia kimoyomoyo shikamoo mama. Mume wake alikua ndani ya gari anasikiliza redio, sidhani hata kama aliona.

Sasa nje ya ule mgahawa kuna vijana wanaouza bangili za shanga na picha za kuchora za twiga na Mlima Kilimanjaro, ndo hao wanaoitwa flaikacha. Wanasemwa vibaya mji mzima na mimi nilikua nawasema. Wana maneno yao, anamfata mzungu anamwambia "unanikumbuka? mi ndo askari wa hotelini kwako", na mzungu kwa aibu ya kusahau sura ya mtu anasimama, akishasimama kaisha. Mmoja alikua dogo tu, 20 au 21, ana kofia ya njano, nilikua namwona kila mwezi na yeye kwangu ilikua ni "mambo dada" basi, mi sio biashara yake.

Mwaka 2019 mwezi wa nne, masika. Mlimani wageni wachache, mjini ndo hakuna kabisa, mgahawa mzima tulikua mimi na baba mmoja na gazeti lake. Mvua ikashuka ile ya kumwaga na ndoo, yule dogo akaja kujibanza chini ya bati la baraza, kati yangu na yeye kuna ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Akasalimia. Kisha akasema bila kuniangalia, "mwezi uliopita hukuja dada." Nikasema nilikua na mambo. Akakaa kimya kidogo akasema, "pole na msiba."

Sikua nimemwambia mtu pale. Hata yule dada wa keki hajui. Baba yangu aliletwa Moshi mwezi wa kumi na mbili kutibiwa, akalala hospitali mpaka mwezi wa tatu, tukamrudisha Singida kwenda kumzika. Nikamuuliza dogo, nani kakwambia? Akasema hakuna. "Mwezi wa kwanza na wa pili ulikuja na hotpoti kwenye kikapu. Mtu hawezi kubeba hotpoti kwenda kula keki, huyo anatoka hospitali au anaenda. Na keki ulikua unakula nusu, nusu unafunga kwenye tishu unaweka mle mle kwenye kikapu. Mwezi wa tatu hukuonekana. Leo umekuja hotpoti hakuna na nywele umenyoa."

Nilishindwa kumjibu. Baba alikua anaipenda ile keki, hana meno ya kutosha, alikua anaiita mkate wa sukari wa wazungu, anaila kwa kijiko cha uji. Nikalia pale pale, mvua inapiga bati hakuna wa kusikia, na yule dogo akageukia barabarani akawa anaangalia maji yanavyopita na makopo mpaka nilipomaliza. Kisha akaendelea tu kama vile tunapiga stori za mpira, akaniambia tarehe zangu zote, kwamba nakuja 27 au 28, na ikiangukia Jumapili nakuja Jumatatu jioni, kwamba kuna mwezi nilibadilisha soli ya kiatu cha kushoto, kwamba yule mpagazi aliyenipita siku ile ni ndugu yangu maana tunatembea sawa, tunatupa mguu wa kulia nje. Nikaanza kukumbuka mambo yote niliyowahi kufanya pale barazani nikiamini niko peke yangu.

Mvua ilipokatika ikapita baiskeli ya Azam na ule mlio wake, sijui nani ananunua aiskrimu kwenye baridi ile, nikanunua mbili. Ndani haruhusiwi kuingia na bidhaa zake, nikatoka mimi, tukakaa kwenye kile kiukuta, kahawa yangu nimeiacha mezani inapoa. Nikamwambia mi naangalia viatu. Akasema viatu vinadanganya dada, mzungu anaweza kuazima buti au kununua za mtumba pale soko la Memorial, zikaonekana zimepanda milima kumi. Yeye anaangalia mtu kabeba nini na anaishikaje. Mwenye hela anasahau begi kwenye kiti anaenda chooni. Anayehesabu hela anaweka mguu kwenye kamba ya begi hata akiwa anacheka. Aliyechoka na safari anauliza bei ya kitu ambacho hataki, huyo usimfate. Nikamuuliza na aliyefika kileleni je? Akafikiria, analamba lambalamba yake, akasema hiyo hajawahi kuitafuta, haina hela.

Ila mashindano aliyakubali. Wageni walipoanza kurudi mwezi wa sita tukawa tunabashiri, mimi nikiwa mezani yeye akiwa nje, namnyooshea vidole ni wangapi kwenye kundi naona wamefika, na yeye ananyoosha vyake, halafu anaenda kumuuliza gaidi wao. Anayekosea ananunua lambalamba. Yeye ana uhuni kidogo, nadhani wale magaidi wengine anaongea nao kabla. Mpaka sasa ananidai nne, na kila tarehe 27 nikikunja tu kona pale kwenye kipilefti, kabla hata yule dada hajaenda kukata keki, naona vidole vinne viko juu.